Mtoto katoka wodini na malaria kali, kipimo bado mistari miwili. Nifanyeje?

MamaKijana_Moshi
Shikamooni wakubwa. Mwanangu wa miaka 4 alikwenda likizo kwa bibi yake Geita. Wiki moja baada ya kurudi Moshi, homa, kesho yake degedege, akapoteza fahamu. Alichomwa artesuneti, akamalizia dawa mseto siku 3. Namshukuru Mungu, aliamka akaomba uji.

Ametoka wodini wiki 2 sasa. Jana kachemka kidogo, nikampeleka zahanati ya jirani. Tone la damu kidoleni, mistari miwili. Wanataka aanze dawa upya. Malaria imerudi?

Mtu_wa_Maabara
Pole dada. Kipimo hicho hakimwoni mdudu, kinanasa HRP2, protini anayoimwaga kwenye damu. Mdudu akishakufa, protini hubaki wiki kadhaa, hasa kwa aliyekuwa na wadudu wengi. Omba damu isomwe kwa hadubini leo hii.

MamaKijana_Moshi
Mbona siku anayolazwa hadubini ilionyesha wadudu wachache, na mtoto hajitambui?

Mtu_wa_Maabara
Mdudu wa falsiparam, yule anayeleta malaria kali, akikomaa hujibanza kwenye kuta za mishipa midogo, hadi ya ubongo. Damu ya kidoleni inaonyesha hasa wale wachanga. Ndiyo maana watafiti hupima kiasi cha HRP2 kwenye plazma, yaani majimaji ya damu: inatoka hata kwa waliojibanza, basi ikiwa nyingi, mzigo ni mkubwa. Ikiwa kidogo na mtoto kazimia, daktari anajua atafute na kingine, kama homa ya uti wa mgongo. Ipo pia protini nyingine, angiopoietini-2, inayotoka kwenye ukuta wa mshipa wenyewe ukishaumia. Ikipanda sana, hali ni ya hatari. Natamani sana vipimo hivi vifike wodini, kwa sasa ni vya utafiti zaidi.

Nesi_Mstaafu_Arusha
Mwanangu, apimwe na wingi wa damu. Baada ya artesuneti wapo ambao damu hushuka, kuanzia wiki ya kwanza hadi ya nne hivi. Mvute kope la chini utazame: pakiwa peupe, au mkojo ukiwa kama kahawa, usingoje kuche.

MamaKijana_Moshi
Shikamoo mama, asante. Tumerudi sasa hivi. Hadubini haikuona mdudu. Damu 9.2, tumeambiwa turudi wiki ijayo wapime tena. Koo ndilo lilikuwa jekundu. Kalala, mkono wake uko shingoni kwangu.