Ukoo wa Kibosho: sukari ya Babu

*Jumamosi jioni*

Mama: Habari za jioni ndugu zangu. Babu tumerudi naye kliniki. Sukari kabla ya kula ni 8.4, iko juu, na hii ni mara ya pili. Kaandikiwa dawa. Amenuna, mtori wa ndizi wenyewe hajaugusa.

Shangazi Eli: Pole wifi 😢 Lakini imetoka wapi? Mzee chai yake haina sukari tangu mwaka juzi!

Baba Mdogo: Ndizi hizo.

Aika: Shikamooni. Baba mdogo, ndizi kala miaka 74. Kilichobadilika ni miguu. Mwaka jana alikuwa anashuka hadi mfereji kukata majani ya ng'ombe, asubuhi na jioni. Tangu goti limsumbue anashinda kibarazani.

Shangazi Eli: Marahaba mwanangu. Goti na sukari wapi na wapi?

Aika: Shangazi, chakula kikishakuwa sukari kwenye damu, lazima kipate pa kwenda. Ghala kubwa ni misuli, karibu asilimia 40 ya uzito wa mtu. Insulini, homoni ya kongosho, inagonga mlango, na ndani ya seli kuna protini za kubeba sukari, GLUT4. Zikisikia hodi zinapanda ukutani mwa seli, zinaingiza sukari. Inawekwa akiba, inaitwa glaikojeni. Misuli inabeba gramu 400 hivi, ini kama 100.

Aika: Sasa sikilizeni hapa. Akiba ya ini hurudi kwenye damu. Ya misuli hairudi, lazima ichomwe humo humo. Usipotembea, ghala linabaki limejaa. Sukari ya leo inakosa nafasi, na inayozidi ini linaigeuza mafuta.

Baba Mdogo: Mafuta ya kitambi?

Aika: Na ya ndani ya msuli wenyewe, matone madogo madogo. Yakirundikana bila kutumika, mabaki yake yanaziba ile hodi ya insulini. Inagonga, haisikiki.

Baba Mdogo: Kama nyama ya ng'ombe asiyetoka bandani. Nimeelewa.

Aika: Hasa. Ila wakimbiaji nao wanayo matone hayo, tena mengi. Wao wanayachoma kila siku na kuyajaza upya. Ubaya uko kwenye matone kulala bila kutumika.

Mama: Sasa na goti hili afanyeje? Siwezi kumshusha mferejini.

Aika: Asishuke mama. Msuli ukijikaza, GLUT4 zinapanda zenyewe bila kusubiri insulini. Hata kwa mtu ambaye hodi haisikiki! Hili ndilo linalonipa moyo. Akimaliza kula, akiwa amekaa, ainue visigino na kuvishusha taratibu. Halafu ashike nguzo ya baraza, ainuke kitini na kukaa, kadiri goti linavyomruhusu. Dawa asiache hata siku moja.

Shangazi Eli: Na mtori?

Aika: Ale, bakuli dogo. Kuna nyama humo, na umri wake misuli inapungua, anahitaji protini.

*Jumapili mchana*

Mama: 📷 Picha

Mama: Muoneni. Kashika nguzo kwa mikono miwili, kofia kaivua kabisa kaitundika kwenye msumari. Anahesabu kwa Kichagga kwa sauti, jirani kachungulia uani. Kafika 9, kakaa, kapumua, kaanza tena.

Baba Mdogo: Goti je?

Mama: Anasema linavuta kidogo, haliumi. Kaulizia kama mtori wa jana umebaki.

Shangazi Eli: Wifi mpime saa mbili baada ya kula, utuandikie hapa.