Riwaya yangu ipo kwenye kaunta buku nne, naipeleka wapi?

Binti wa Pasua: Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nipo Moshi, nauza mitumba Memorial. Nimeandika riwaya kwa mkono, kaunta buku nne, moja imelowa mvua ya Aprili hadi kurasa zimegandana. Kuna jamaa mtandaoni anasema ana ufadhili wa waandishi, nitume elfu hamsini ya fomu. Nishaurini kabla sijagusa hela ya belo.

Kibo Baridi: Usitume hata mia! Kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ipo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa mwanzo walitangazwa Aprili 13, 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu. Wa kwanza alipewa milioni 10. Na tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili ipo tangu 2014, inapokea miswada ya hadithi na mashairi. Hakuna anayekudai hela ya fomu.

Mwl. Mstaafu, Arusha: Marahaba binti. Ongeza tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola. Kiswahili kinakubaliwa, maneno 2,000 hadi 5,000, bure. Mshindi wa kanda anapata pauni 2,500, wa jumla 5,000. Ukisikia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, elewa kwanza: ule ni mkopo, una marejesho.

Mzee wa Flashi: Daftari halitumwi, dada. Chapa mwenyewe kwenye simu, na kila sura ikiisha jitumie kwa barua pepe. Mimi nilimwachia kijana wa steshenari flashi yangu, ikarudi na virusi. Sura kumi na moja zikaenda, nikabaki na shukrani na tabaruku. (Hizo nilizikumbuka neno kwa neno, sijui kwa nini.)

Binti wa Pasua: Asanteni sana jamani. Jana usiku nimechapa kurasa tatu, kidole gumba kinawaka moto. Yule wa elfu hamsini nilimwomba masharti kwa maandishi, akanibloku. Mwalimu, hiyo ya hadithi fupi, nikate sura ya kwanza nipeleke?

Mwl. Mstaafu, Arusha: Sura ya riwaya si hadithi fupi, itaishia njiani. Hapo Memorial umesimama kutwa na wateja wa kila aina. Andika ya mmoja.

Binti wa Pasua: Yupo mama mmoja, kila Jumamosi anajaribu koti lile lile, hanunui.

Mwl. Mstaafu, Arusha: Usilipunguze bei mpaka umalize kuandika.