Logi za iptables zinachanganyika: bafa kubwa, limit au NFLOG?

Fundi_Kampemba
Jambo wandugu. Nina ukuta wa moto wa iptables (kichujio cha pakiti cha Linux) hapa Lubumbashi, CentOS 6, kerneli 2.6.32. Asubuhi logi ni safi. Mchana ofisi ikijaa watu, naona vitu kama hivi:

`DROP IN=eth1 OUT= SRC=192.168.DROP IN=eth1 OU<4>T= SRC=19`

Nimesoma kuhusu log_buf_len (ukubwa wa bafa ya kerneli), `-m limit` (kikomo cha mistari inayoandikwa) na NFLOG (kupeleka logi kwa programu nje ya kerneli). Ipi inafaa? Kuzima mashini mchana sitaruhusiwa.

Mwana_Katuba
Limit. `-m limit --limit 5/second --limit-burst 20` kabla ya `-j LOG`, kazi imekwisha. Usiache tu `-m limit` tupu: utapata 3 kwa saa na utadhani logi imekufa. Na hiyo ya kuzima mashini, umeme wetu utakusaidia bure 😀

Mama_Seva
Limit inanyamazisha, haitibu. LOG inaandika kwa printk (njia ya kerneli ya kuandika jumbe zake) ndani ya bafa ya duara. Msomaji akichelewa, mapya yanafuta ya zamani, hata katikati ya mstari. Kabla ya kerneli 3.5 (2012) bafa hiyo ni herufi zilizofuatana tu, haijui ujumbe mmoja unaanzia wapi. `log_buf_len=1M` kwenye GRUB, programu inayoiwasha kerneli, inaongeza nafasi, basi.

Ruashi_Root
Mnalinganisha dawa kabla ya kupima. `ps ax | grep -E 'klogd|rsyslogd'`, unaona nini? rsyslog, programu inayoandika logi kwenye faili, inasoma /proc/kmsg (mlango wa bafa hiyo) yenyewe kupitia moduli yake imklog. Kama klogd, msomaji wa zamani wa jumbe hizo hizo, nayo iko hai, hao ni wawili kwenye sahani moja ya bukari: tonge la mmoja, mwenzake halioni.

Fundi_Kampemba
Ziko zote mbili! klogd iliwekwa na fundi aliyenitangulia. Nimeizima, na sasa mistari inatoka mizima. Ila saa ya msongamano `iptables -vnL` inahesabu pakiti nyingi kuliko mistari iliyo kwenye faili.

Ruashi_Root
Hapo sasa ni bafa. Kuna konsoli ya siriali? Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde kila mstari unaisubiri. Piga `dmesg -n 1`, jumbe zisiende konsoli.

Mama_Seva
Na sasa NFLOG ina maana, Papa Fundi. Pakiti zinapita netlink (njia kati ya kerneli na programu) hadi ulogd2, programu inayoziandika, bila kugusa printk; dmesg, yaani jumbe za kerneli, inabaki kwa diski na kadi zinazougua. `-j NFLOG --nflog-group 5 --nflog-threshold 20` inazituma kwa mafungu. ULOG, mtangulizi wa NFLOG, usiiguse, iliondolewa kwenye kerneli 3.17. Netlink nayo inaweza kujaa, kwa hiyo angalia `netlink_socket_buffer_size` ndani ya ulogd.conf.

Mwana_Katuba
Sawa mama, lakini mtu akimpiga skani usiku kucha, hiyo NFLOG itajaza diski. Limit ibaki.

Fundi_Kampemba
Aksanti sana. Konsoli ya siriali haipo. Naweka NFLOG leo jioni, na limit kwenye kanuni za eth0 tu, upande wa intaneti. eth1 nataka kila mstari: ndani ndimo ninamomtafuta mtu.