Vumbi kwenye mbio za magari ya rimoti: limewahi kukufanya nini? Tupeane uzoefu

KonaYaMwisho
Wakuu, habari za jioni. Naandika huku bado nina vumbi masikioni. Leo nimepoteza injini ya pili ndani ya msimu mmoja. Asubuhi nilipokuwa naizungusha kwa mkono ilikuwa inagoma pale juu, kama inavyotakiwa. Jioni inazunguka laini kama feni, haina kompresheni kabisa. Nimeifungua, pistoni inapanda mpaka mwisho wa slivu (lile bomba la ndani inamopanda na kushuka) bila kubanwa popote. Chujio la hewa lilikuwa safi, nimelipaka oili mwenyewe jana usiku. Hilo vumbi limepita wapi? Wenye uzoefu wa njia za udongo mkavu, tusaidiane.

Dada Beringi
Pole sana kaka. Umenikumbusha mbali.

Mzee wa Kabureta
Pole kijana wangu. Ngoja nikueleze yaliyonikuta, huenda ukapata jibu lako humo.

Ilikuwa fainali ya dakika 45. Nilikuwa wa pili, na aliye mbele yangu nilikuwa nimeshaanza kumsoma. Njia ilikuwa haijamwagiwa maji tangu mchana, kwa hiyo kila gari lilikuwa linaburuta wingu lake. Ukiwa wa pili unakula vumbi la wa kwanza, hilo mnalijua. Dakika ya 30 hivi nikasikia sauti imebadilika. Sikio likishaizoea injini yako halidanganywi. Nikiachia resi kwenye kona, injini haishuki upesi, inabaki juu inalia. Nikajua inakosa mafuta. Nikamwambia fundi wangu afungue kidogo sindano kubwa, ile skrubu ya kuongeza mafuta, gari likiingia kujaza. Akafungua. Raundi mbili mbele ikazima katikati ya njia, mbali kabisa na jukwaa letu la madereva.

Gari lilipoletwa, chujio lilikuwa limelala ubavuni. Zipu tai, ile kamba ya plastiki ya kubania, ilikuwa imekatika na mdomo wa kabureta uko wazi. Ile sauti niliyodhani ni ukosefu wa mafuta ilikuwa hewa inayoingia bila kizuizi, imebeba vumbi.

Na injini hizi zetu hazisamehe. Slivu ni ya shaba iliyopakwa kromu, pistoni ni ya alumini, ringi hakuna. Kinachoziba ni ule ubano wa juu tu, pale tundu la slivu linapokuwa jembamba kidogo. Sasa chukua chembe za mchanga, zipeleke humo kwa mizunguko zaidi ya 30,000 kwa dakika. Ni msasa. Niliipeleka slivu kwenye mwanga nikaona michirizi imesimama wima, na ukucha ulikuwa unakwama nikiupitisha.

Kwa hiyo usilitazame chujio peke yake. Tazama shingo yake. Chukua ile pamba ya kusafishia masikio, ipitishe ndani ya shingo ya mpira, upande wa kabureta. Ikitoka nyeupe, lala. Ikitoka kahawia, kuna mahali panavuja.

Pini Ndefu
Shingo ndiyo muuaji. Naunga mkono.

Betri Tatu
Wakuu, mimi haya nilishayaacha, nikahamia umeme. Hakuna chujio, hakuna slivu. Hamieni na nyie mpumzike.

Dada Beringi
Kupumzika kupi kaka? Fungua hiyo mota yako uangalie. Rota, ile sehemu inayozunguka, ni sumaku, na udongo wowote wenye chembe za chuma unanasa humo kama ndevu. Mwaka jana mota yangu ilichemka mpaka harufu ikanifikia kwenye jukwaa. Nilipoifungua, rota ilikuwa na manyoya meusi na beringi ya nyuma inakwaruza. Feni ya kidhibiti cha umeme wa mota nayo ilikuwa imejaa vumbi, haizunguki. Vumbi halichagui mafuta wala betri.

Betri Tatu
Sawa dada, lakini kubadilisha beringi si sawa na kununua injini. Hilo lazima ulikubali.

Dada Beringi
Hilo nakubali. Ila usimwambie mtu kwamba vumbi limeisha.

Upepo Mkali
Mbona mnajitesa? Baada ya kila mbio mimi napuliza gari zima kwa kompresa. Dakika tano, linang'aa.

Mzee wa Kabureta
Unapuliza na beringi?

Upepo Mkali
Kila kitu mzee.

Mzee wa Kabureta
Basi unasukumia vumbi ndani kwa mkono wako mwenyewe. Vile vifuniko vya beringi havikutengenezwa kuhimili upepo wa namna hiyo. Brashi laini kwanza, kwenye shokabu na kwenye mikono inayoshika tairi. Upepo uje baadaye, wa mbali, tena wa pembeni.

Upepo Mkali
Nimefanya hivyo miaka minne na sijaona shida. Brashi kwa gari lenye vumbi la kuganda ni kupoteza usiku.

Pini Ndefu
Vumbi likiganda maana yake kuna kitu kilikuwa na oili. Msipake grisi kwenye viungo vya mhimili vilivyo wazi. Grisi na vumbi vikikutana vinakuwa dawa ya kusagia, pini inaisha katikati ya siku. Viache vikavu. Na kabla ya kufungua skrubu yoyote, chokoa udongo kwenye kichwa chake, la sivyo funguo haikai vizuri na kichwa kinaisha.

Mgeuza Magari
Nyie mnazungumzia injini na beringi. Ngoja niseme la mguu.

Mnajua utaratibu, ukimaliza mbio zako unabaki kugeuza magari yanayopinduka ya kundi linalofuata. Nilipangwa kwenye kona baada ya mruko mkubwa. Vumbi lilikuwa zito kiasi kwamba jukwaani nilikuwa naona kofia tu. Gari moja likapinduka hatua kama sita kutoka nilipo. Nikatazama juu ya mruko, nikasikiliza, sikusikia kitu karibu. Nikaingia. Nimeshainama, mkono uko kwenye gari, ndipo nikalisikia linaruka. Linakuja hewani, dereva wake hanioni na mimi silioni. Lile kubwa la naitro, yaani la injini ya mafuta, lina kilo tatu na nusu hivi. Likatua kwenye kifundo cha mguu wa kushoto.

Sikuanguka hapo hapo. Nililigeuza lile gari kwanza, likaondoka. Kisha nikakaa chini kwenye njia, magari yanapita kulia na kushoto, hakuna anayejua kwamba kuna mtu amekaa. Mwenzangu wa kona ya pili ndiye aliyeona fulana yangu, akaanza kupiga kelele mbio zisimamishwe.

Betri Tatu
Mungu wangu. Ulivunjika?

Upepo Mkali
Na walisimamisha?

Pini Ndefu
Hapa ndipo naposema mwongoza mbio awe na uwezo wa kusimamisha kila kitu kwa sababu ya vumbi tu. Dereva asipoliona gari lake kwa sekunde mbili mfululizo, hayo si mashindano tena.

Upepo Mkali
Ukisimamisha kila vumbi likipanda, fainali ya dakika 45 utaimaliza kesho yake. Dawa ni maji. Mwagieni njia.

Dada Beringi
Maji ndiyo, lakini yawe kidogo na mara nyingi. Yakimwagwa mengi kwa pamoja, raundi tano za kwanza ni tope, tairi zinajaa, halafu juu panakauka na vumbi linarudi vilevile. Wapo wanaochanganya kloridi ya kalsiamu ili udongo ushike unyevu. Inasaidia kweli, lakini safisha gari siku hiyo hiyo, maana chumvi ile inakula skrubu na alumini.

Mzee wa Kabureta
Na wageuza magari wapewe miwani na barakoa. Vumbi hilo hilo linalokula kromu linaingia kifuani.

KonaYaMwisho
Nimerudi wakuu. Nimefanya kipimo cha pamba. Imetoka kahawia, tena upande mmoja tu. Nikaukunja mpira wa shingo chini ya taa: kuna ufa mwembamba kama unywele, pale pale zipu tai inapokaa. Nadhani niliikaza kupita kiasi. Nimeagiza shingo mpya. Mzee, pale kwenye kabureta nipake kitu au niache pakavu?

Mzee wa Kabureta
Paka grisi nyembamba pale mpira unapoketi, ikamate chochote kitakachojipenyeza. Zipu tai ziwe mbili, zibane bila kukata. Na beba chujio la akiba lililokwisha kupakwa oili, kwenye mfuko uliofungwa. Siku ya vumbi, badilisha kila ukitoka njiani.

Pini Ndefu
@Mgeuza Magari, hujatuambia mguu uliishaje.

Mgeuza Magari
Ulipasuka mfupa mdogo wa nje. Wiki sita. Yule dereva alikuja kunitazama kila Jumapili, akawa ananiletea na tairi zake nimgundie kwenye rimu kwa sababu nilikuwa nimekaa tu. Sasa hivi ndiye fundi wangu.