Besi mdomo-mdogo Ziwa Erie siku ya mawimbi: mwavuli wa maji, mota ya umeme au nanga?

MgebukaBuffalo
Habari za leo wavuvi. Nina boti ya alumini ya futi 17, injini ya farasi 60, naishushia hapa Buffalo, Marekani. Nimekulia Kigoma, mawimbi nimeyazoea tangu utotoni, lakini haya ya Ziwa Erie yananishinda. Nawafuata besi mdomo-mdogo (smallmouth bass) kwenye miamba yenye kina cha futi 20 hadi 30. Upepo wa kusini-magharibi ukishika tu, boti inapita juu ya samaki kabla chambo hakijagusa chini. Mwaka huu fedha inatosha kitu kimoja. Ninunue mwavuli wa maji (ule mfuko wa turubai unaofungwa kamba na kuachwa ukokotwe majini), mota ya umeme ya omo (mbele ya boti) yenye GPS inayoishika boti mahali pamoja, au nanga nzuri na amari (kamba ya nanga) ndefu? Naomba anijibu aliyekwisha kutumia.

MzeeWaUvira
Mwanangu, nanga. Ukishalijua jabali lenye samaki, panda mbele yake upande upepo unakotoka, tia nanga, kisha legeza amari polepole mpaka uwe juu yao. Watu wengi wanafunga kamba fupi halafu wanasema nanga haishiki. Maji ya futi 25 yenye mawimbi yanataka kamba mara saba ya kina, yaani futi 175, na kipande cha mnyororo mbele ya nanga ili ilale chini. Na usifunge tezini, nyuma ya boti, hata siku moja. Tezi ndiyo ya chini na ndiyo yenye uzito wa injini, wimbi likiingia hapo la pili halikungoji.

KasiaMbili
Shikamoo Mzee. La tezi nakuunga mkono kabisa, ila la nanga nina kidonda. Mimi navua Erie, Pennsylvania, nje ya Presque Isle. Miaka miwili iliyopita nanga yangu ilinasa katikati ya mawe na upepo ukazidi. Boti ikawa haiwezi kupanda na wimbi, kila linapokuja omo inavutwa chini na maji yanaingia. Tulikuwa watatu. Nilikata amari kwa kisu, nikaacha nanga na kamba yote ziwani, na mikono ilitetemeka mpaka tunafika gatini. Tangu siku hiyo nanga natia penye mchanga tu, na kisu kinakaa omo karibu na mkono.

MzeeWaUvira
Marahaba. Pole sana, na umefanya vema kukata. Kwa mawe, funga mnyororo kwenye kitako cha nanga, halafu juu ushikishe kwa kamba dhaifu. Ikinasa unavuta kwa nguvu, ile dhaifu inakatika, nanga inavutwa kutoka nyuma na kuchomoka. Lakini nakubali, upepo ukiwa mkali si mahali pa kujaribu.

DadaWaWindsor
Kaka Mgebuka, mimi navua Ziwa St. Clair, upande wa Kanada. Nakushauri mwavuli, na sababu yangu inaanzia kwa samaki mwenyewe kabla ya boti.

Besi wa maziwa haya siku hizi wanakula sana gobi, samaki mdogo aliyetoka pande za Bahari Nyeusi na Kaspi akaonekana mara ya kwanza katika Mto St. Clair mwaka 1990. Gobi hana kibofu cha kumwelesha, kwa hiyo anatambaa chini kwenye mawe. Mawe hayo yametapakaa eneo kubwa, na besi wanazunguka juu yake kutafuta chakula. Ukitia nanga utapata wawili watatu, halafu kimya, nawe unabaki unawangoja. Ukielea taratibu unawafuata walipo, na chambo kinakokotwa chini vilevile gobi anavyokwenda.

Kinachoharibu ni mwendo. Mimi nataka chini ya maili 1 kwa saa, nikipata 0.7 nafurahi. Mwavuli haufiki dola 100, hauna betri, hauna cha kuharibika. Ufunge omo, upande upepo unakotoka, ili boti iyakabili mawimbi. Ukiufunga katikati ya ubavu boti itayumba kulia na kushoto mpaka mtapike wote. Tia pia kamba ndogo kwenye mkia wa mwavuli: ukiivuta, maji yanamwagika na mfuko unakuja kama kitambaa. Na uutoe majini KABLA ya kuwasha injini, kamba ikizungukwa na pangaboi umekwisha.

FundiBetri
Nafunga mota hizi kwa watu, kwa hiyo niseme yote, zuri na baya. Ziwa likitulia, au mawimbi ya futi moja na nusu, hakuna kinachoishinda. Unabonyeza kitufe, boti inakaa, mikono yote miwili iko kwenye fimbo. Shida ni mawimbi aliyoyataja mwenye swali. Omo ikipanda, pangaboi linatoka nje na kuzunguka hewani, ikishuka mota inakazana kurudisha boti. Betri inaliwa haraka sana. Kwa boti ya futi 17 usinunue yenye shina (ule mti unaoshuka majini) la chini ya inchi 60.

Nguvu: kanuni ya kawaida ni ratili (pauni) 2 za msukumo kwa kila ratili 100 za uzito. Boti yako na watu na mafuta ikifika ratili 2,200, hapo ni 44, lakini hiyo ni ya maji matulivu. Kwa Erie nenda 70 au 80, maana yake volti 24 na betri mbili. Mota ni zaidi ya dola 1,000, betri na chaja juu yake. Kama fedha ni ya kitu kimoja, hiki si kitu kimoja.

MgebukaBuffalo
Nashukuru sana wote. Fundi, hapo umenifungua macho. Dada, swali: hata nikipunguza mwendo, chubwi (kile kipande cha risasi cha kuzamisha chambo) inaruka chini kila wimbi linapoinua boti. Natumia gramu 10, chubwi chini na ndoana juu yake kama sentimita 30.

DadaWaWindsor
Gramu 10 ni za kwangu, kwenye maji ya futi 15. Wewe tia 14, na upepo ukizidi hata 21. Halafu shusha ncha ya fimbo boti inapopanda, inyanyue inaposhuka. Uzi ubaki na ulegevu kidogo, chubwi ilale. Samaki hataki kitu kinachodundadunda, hakuna gobi anayefanya hivyo.

KasiaMbili
Jaribu pia kile chambo cha mpira chenye umbo la mrija, mkia umechanika kama mikono ya ngisi. Rangi ya kijani-kahawia. Kinakokotwa tu, hakidai ufundi mwingi wakati unashikilia boti kwa mkono mwingine. Ila kwa kina cha futi 30 na zaidi, uwe mwangalifu na samaki. Akivutwa juu kibofu kinaweza kuvimba akashindwa kurudi chini ukimwachia.

KutokaMwanza
Mimi niko Cleveland. Mmejibu vizuri, lakini hakuna aliyemuuliza anatoka na wimbi gani. Wengi wanaangalia futi tu, na mimi naangalia kwanza sekunde kati ya wimbi na wimbi. Ziwa Erie lina wastani wa mita 19 tu za kina, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi, yamesimama wima na yamekaribiana. Kigoma kwenu ni Ziwa Tanganyika, ambalo penye kina kikubwa kabisa linapita mita 1,400, wimbi kubwa lina nafasi ya kujinyoosha na mtumbwi unalipanda. Hapa futi 3 kwa sekunde 3 ni mbaya kuliko futi 4 kwa sekunde 6. Na wewe uko Buffalo, mwisho kabisa wa ziwa: upepo wa kusini-magharibi unasukuma maji karibu kilomita 380 mpaka mlangoni pako.

Onyo la vyombo vidogo kwenye maziwa haya hutolewa upepo ukifika noti 22 au mawimbi yakipita futi 4. Noti 22 ni kama ile kilomita 40 kwa saa ambayo TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) huwatangazia wavuvi wetu nyumbani. Likitolewa, mwavuli, mota na nanga vyote vibaki nyumbani. Vua nyuma ya kuta za bandari, besi wapo hata pale. Na jaketi la kuokoa maisha livaliwe mwilini, lisikaliwe. Kwenu New York, boti ya chini ya futi 21, kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1 ni sheria. Kwangu mimi ni mwaka mzima, nimezika ndugu kwa sababu ya ziwa.

MgebukaBuffalo
Pole sana kaka. Nimekusikia.

Nimerudi na habari. Nilichukua mwavuli. Jumamosi utabiri ulikuwa futi 2, nikatoka alfajiri na mdogo wangu. Bila mwavuli GPS ilisoma maili 1.8, tulipoutia ikashuka 0.9. Chubwi ya gramu 14. Tulielea mara sita juu ya jabali lilelile, tukapata besi tisa, mkubwa alikuwa ratili 5 kasoro kidogo, tukawaachia wote. Saa nne upepo ukageuka, tukarudi. Kilichonisumbua ni mwavuli kuchomoka majini kila wimbi kubwa linapopita. Kamba yangu ni futi 8.

DadaWaWindsor
Hongera kaka! Futi 8 ni fupi kwa maji yenu. Ongeza ifike 20, mwavuli ukae ndani ya wimbi linalofuata wakati boti iko juu ya hili.