Kamera mbili za USB kwenye Debian nyepesi: ya pili inagoma

mlinzi_wa_lango:
Wakuu, salaam. Kompyuta ni kuukuu, RAM GB 1, Debian bila mazingira ya picha. Nataka kamera mbili za USB zilinde mlango na ua kwa programu ya motion (hurekodi inapoona mwendo). Moja ikichomekwa peke yake haina shida. Nikiongeza ya pili, logi inaandika "No space left on device", na diski ina GB 200 tupu! Halafu nikiwasha mashine upya, picha za mlango zinahamia kwenye folda ya ua.

waya_mrefu:
Mkuu, iache diski, haihusiki. Iliyojaa ni njia ya USB. Picha ghafi ya YUYV hula baiti 2 kwa kila pikseli: 640 × 480 × 2 × fremu 30 ni kama megabiti 147 kwa sekunde. USB 2.0 ina 480 za kinadharia, na kamera nyingi huomba nafasi kubwa kuliko zinayoihitaji. Ya pili inakuta pameshachukuliwa.

Sakinisha v4l-utils, kisha:

`v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext`

Ukiona MJPG (picha zilizobanwa), itumie. Kwenye motion 4.5 andika `video_params palette=8` (8 ndiyo MJPG) katika faili la kila kamera (matoleo ya kale: `v4l2_palette 8`), pamoja na `framerate 5`. Usipandishe fremu, maana motion hulazimika kuifungua kila JPEG ndipo iilinganishe na zilizotangulia, na prosesa kuukuu huelemewa hapo.

Bado inagoma? `lsusb -t` itakuonyesha kama kamera zote ziko kwenye basi moja (njia moja ya USB). Hamishia moja kwenye basi jingine. Habu (kigawanya matundu ya USB) haiongezi nafasi hata ikiwa na umeme wake, inasaidia umeme tu. Kama kamera haina MJPG, jaribu `options uvcvideo quirks=128` ndani ya /etc/modprobe.d/uvc.conf ili keneli (kiini cha mfumo) ikokotoe mahitaji yenyewe. Hiyo hufaa picha ghafi tu.

keneli_tulivu:
Kuhusu kamera kubadilishana folda: namba za /dev/video hutolewa kwa zamu ya kutambuliwa, kwa hiyo usizitegemee kamwe. Tazama `ls -l /dev/v4l/by-path/` na uweke njia nzima kwenye `video_device`. Chagua inayoishia index0, kwani index1 mara nyingi ni ya metadata (taarifa kuhusu picha) na haitoi picha. Folda ya by-id, inayotumia jina la kamera, ni nzuri zaidi kamera zikiwa za aina tofauti. Zikiwa pacha zisizo na namba ya utambulisho (serial), majina hugongana. by-path hufuata tundu, basi weka alama kwenye matundu.

mlinzi_wa_lango:
Palette 8 imekubali, asanteni sana. Ila ua linarekodi mchana kutwa kwa sababu ya majani.

waya_mrefu:
`threshold` ya kawaida, yaani pikseli zinazopaswa kubadilika ndipo ihesabike mwendo, ni 1500. Usiipandishe kwanza, utampoteza mtu aliye mbali. Tengeneza `mask_file` ya kuficha sehemu zisizohitajika: picha ya PGM (nyeusi na nyeupe) yenye vipimo vilevile vya picha, matawi yapakwe nyeusi, kwingine nyeupe. Kisha `minimum_motion_frames 3` (mwendo uwe kwenye fremu 3 mfululizo), na `lightswitch_percent 40` kwa taa zinazowashwa ghafla.

Iache `stream_localhost on` ili video isionekane nje ya mashine, utazame kupitia SSH (muunganisho salama wa mbali). Na kwenye cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) ya kila siku, ili video za zamani zifutwe:

`find /var/lib/motion -name '*.mkv' -mtime +7 -delete`

Bila huo mstari, "No space left" itakayofuata itakuwa ya diski kweli.