Kabla ya kanga, wanawake wa Zanzibar walivaa nini?

Swali: Naomba wenye ujuzi wanieleze: kabla kanga haijaenea mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja walivaa nini, na kwa nini vazi hilo jipya lilipokewa kwa haraka namna ile?

Jibu la kwanza: Ilitegemea hadhi ya mtu. Watumwa walijifunga merikani, yaani pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, tangu miaka ya 1830, au kaniki, ambayo ni kitambaa hichohicho kilichotiwa nili. Mabibi wa tabaka la juu walivaa kanzu na suruali za marinda, na nje walifunika uso kwa barakoa.

Jibu la pili: Nakubaliana, ila haraka hiyo haielezeki bila kutaja utumwa. Baada ya amri ya mwaka 1897 kuondoa uhalali wa utumwa Zanzibar, waliokuwa watumwa waliacha kaniki, kwa kuwa ilimtambulisha mvaaji hata kabla hajafungua kinywa, wakachagua doti za kanga zenye rangi na pindo. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kuu. Wepesi wa pamba katika joto la pwani haukuwa jambo jipya, maana merikani nayo ilikuwa pamba.

Jibu la tatu: Niongeze kwamba majina ya kanga, yaani misemo iliyo juu yake, yaliandikwa kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa hati za Kirumi.